Sura ya Sita: Mto Uliokwisha Kupita

Mvua zikikolea juu ya milima ya Rubeho, mto Lumuma hushuka mwekundu kwa udongo, hupita kando ya mashamba ya vitunguu na kwenda kujiunga na Mkondoa. Kufikia kesho yake huenda maji yameshapungua. Hata hivyo, mtu aliyelala usiku kucha bila kuyaona anaweza kuyapima. Hatatazama majani na makapi yaliyonasa vichakani, maana hayo huchukuliwa hata na kijito. Atatafuta mawe na magogo. Gogo ambalo jana lilikuwa kule juu na leo limelala hapa linasema mengi kuliko lundo zima la majani. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyozoa tuta la Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, yalisomeka vivyo hivyo: kwa vitu vizito yaliyovihamisha.

Sura hii inahusu mto ambao hakuna jicho lililowahi kuuona ukipita, na hakuna litakaloweza. Wanafizikia huuita plasma ya kwaki na gluoni. Unaanza na kwisha kabla chombo chochote hakijaweza kuutazama, na kinachobaki ni vitu ulivyovibeba. Hoja yangu ni kwamba kati ya vitu hivyo vyote, vichache vilivyo vizito ndivyo vya kusikilizwa kwanza.

Tuanze na vilivyo vyepesi. Kila protoni na kila nyutroni iliyomo mwilini mwako, kwenye kitunguu au kwenye jiwe, ina kwaki tatu za aina mbili tu, apu na dauni, zinazoshikiliwa na chembe ziitwazo gluoni. Nguvu inayozishika ina tabia ya pekee: haidhoofu kwa umbali kama inavyodhoofu nguvu ya sumaku. Ukiivuta kwaki moja ili itoke, nishati unayotumia huzaa kwaki mpya, nawe unaishia kupata chembe nyingine nzima. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kunasa kwaki ikiwa peke yake.

Joto kali hufungua kifungo hicho. Hesabu zilizofanywa kwa kompyuta kubwa zinaonyesha kwamba yafikapo takribani nyuzi trilioni 1.8, yaani zaidi ya mara laki moja ya joto la kitovu cha Jua, protoni na nyutroni hupoteza mipaka yake. Kwaki na gluoni hutembea ndani ya eneo lote lililopashwa moto. Ulimwengu wote ulikuwa katika hali hiyo kwa sehemu chache za milioni za sekunde baada ya kuanza kwake. Kisha ukapoa, kwaki zikafungwa, na hazijafunguliwa tena isipokuwa pale tunapozifungua wenyewe.

Hufunguliwa kwa kugonganisha viini vizito vya atomi. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, viini vya dhahabu vimekuwa vikigonganishwa tangu mwaka 2000. Huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ndani ya handaki la mviringo lenye kilomita 27, viini vya risasi vyenye protoni 82 na nyutroni 126 kila kimoja vilianza kugonganishwa Novemba 2010. Vinapokutana kwa mwendokasi unaokaribia sana ule wa mwanga, tone la plasma hutokea, hutanuka, hupoa na kutoweka. Gawa sekunde moja kwa trilioni, kisha kigawe kila kipande kwa trilioni tena: tone hilo huishi vipande kama 30 tu. Vigunduzi havioni lolote katika hayo. Vinachoona ni maelfu ya chembe zikitawanyika pande zote baada ya tone kuwa limeshakufa.

Karibu chembe zote hizo zimetokana na kwaki nyepesi, na hapo ndipo penye ugumu. Kwaki nyepesi huzaliwa kwa urahisi mno ndani ya plasma, hufutika, huzaliwa tena, hadi dakika ya mwisho ya kupoa. Chembe iliyotokana nazo inaeleza vizuri namna mto ulivyokuwa ulipokuwa unakauka. Haiwezi kuapa kwamba ilikuwepo mwanzoni.

Kwaki ya chamu inaweza. Ilijulikana Novemba 1974, pale makundi mawili ya Marekani, moja la Samuel Ting likifanya kazi Brookhaven na jingine la Burton Richter huko Stanford, yalipotangaza kwa pamoja chembe ileile. Ting aliiita J, Richter akaiita psi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, hadi leo huandikwa J/ψ. Ni kwaki ya chamu iliyofungamana na kinzani yake, yaani pacha wake mwenye chaji ya kinyume. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, kundi la Leon Lederman huko Fermilab, karibu na Chicago, likaipata chembe ya upsiloni, ambayo ndani yake mna kwaki nzito zaidi, botomu, nayo pamoja na kinzani yake. Tungamo la kwaki moja ya chamu linazidi la protoni nzima kwa theluthi moja hivi. La botomu ni zaidi ya mara nne ya protoni. Kwaki zile za kawaida zilizomo ndani yetu hazifikii hata sehemu ya mia ya tungamo la protoni.

Uzito huo una matokeo matatu, na kila moja ni la thamani.

La kwanza ni kwamba plasma haiwezi kuzizalisha. Ili kuumba jozi ya chamu unahitaji nishati kubwa sana, na hata plasma ya CERN ikiwa katika joto lake la juu kabisa, nishati ya kawaida ya chembe zilizomo iko mbali chini ya kiwango hicho. Nishati hiyo hupatikana mara moja tu, pale viini vinapogongana, katika muda ulio kama moja ya kumi ya ule unaohitajika plasma yenyewe ijiunde. Kwa hiyo kila kwaki ya chamu inayofika kwenye kigunduzi ilikuwapo kabla mto haujaanza kutiririka.

Matokeo ya pili ni kwamba haipotei njiani. Nguvu inayotawala plasma inaweza kuisukuma, kuipunguzia kasi, kuibadilishia wenza, lakini haiwezi kuigeuza kuwa kwaki ya aina nyingine. Nguvu dhaifu ndiyo pekee yenye uwezo huo, nayo hufanya kazi polepole: mesoni D isiyo na chaji, mojawapo ya chembe zinazoibeba chamu baada ya kupoa, huishi muda unaozidi uhai wa plasma kwa zaidi ya mara bilioni kumi. Tukihesabu chamu mwishoni, tumehesabu zilezile za mwanzoni. Kwaki nzito kuliko zote, topu, iliyogunduliwa Fermilab mwaka 1995, haina bahati hiyo, kwani huvunjika upesi kiasi kwamba haipati hata nafasi ya kujifunga ndani ya chembe nyingine.

La tatu ni kwamba uzalishaji wake unaweza kukokotolewa kwa nadharia na kupimwa kwingine. Unagonganisha protoni kwa protoni, ambako hakutarajiwi mto wa maana, unahesabu mesoni D. Kisha unagonganisha risasi kwa risasi, unazidisha idadi ile ya kwanza kwa idadi ya migongano ya protoni na nyutroni iliyomo ndani ya mgongano mmoja wa viini, halafu unalinganisha. Uwiano ukiwa moja, plasma haikuigusa chamu. Ukiwa chini ya moja, kuna kilichozipunguza kasi zile zilizokuwa zikienda mbio.

Wazo la kwanza la kutumia kwaki nzito lilihusu J/ψ yenyewe. Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walitoa hoja fupi na nzuri. Chamu na kinzani yake hushikamana kwa sababu kila moja inaihisi nyingine. Zikiwa ndani ya plasma, kwaki na gluoni nyingi zinazozizunguka hujiingiza katikati na kukinga nguvu hiyo. Jozi huachana. Plasma inapopoa, kila mmoja wa wale wawili hujifunga na kwaki nyepesi iliyo karibu, na J/ψ iliyotarajiwa haionekani. Basi, walisema, upungufu wa J/ψ utakuwa dalili kwamba plasma imetokea.

Upungufu ulionekana. Jaribio la NA50 huko CERN liliupima katika miaka ya 1990 kwa migongano ya risasi, na ulikuwa sehemu ya ushahidi ambao CERN iliutegemea ilipotangaza Februari 2000 kwamba dalili za hali mpya ya maada zimepatikana. Kisha Brookhaven wakafungua mashine yao, yenye nishati zaidi ya mara kumi kwa kila jozi ya chembe za viini. Mto mkubwa zaidi, moto zaidi. J/ψ zilitakiwa zipungue zaidi. Zilipungua kwa kiasi kinachokaribiana na cha zamani. CERN nao wakaja na mashine mpya, nishati ikapanda zaidi ya mara kumi tena, na upungufu kwa J/ψ za mwendo mdogo ukawa hafifu kuliko wa Brookhaven.

Mtu angeweza kudhani hoja ya Matsui na Satz imeanguka. Maelezo yalikuwa yameshaandikwa mwaka 2000 na 2001, na Peter Braun-Munzinger na Johanna Stachel kwa upande mmoja, na Robert Thews na wenzake kwa upande mwingine. Katika mgongano mmoja wa ana kwa ana huko CERN huzaliwa jozi za chamu zipatazo mia moja. Zikiachana ndani ya plasma, hazitawanyiki hadi kusahauliana. Zinaogelea katika eneo dogo, na wakati wa kupoa chamu ya jozi hii inaweza kukutana na kinzani ya jozi ile. J/ψ mpya inazaliwa kutokana na wazazi ambao hawakuzaliwa pamoja. Kadiri chamu zilivyo nyingi, ndivyo kukutana huko kunavyoongezeka, na ndiyo maana mto mkubwa zaidi ulirudisha J/ψ ulizozivunja. Kwangu mimi hili ni moja ya matokeo mazuri kuliko yote katika fani hii. Kwaki hazingeweza kubadilishana wenza kama zisingekuwa huru kutembea ndani ya tone zima, na uhuru huo ndio uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo.

Botomu ni adimu mno kwa mchezo huo wa kukutana upya, kwa hiyo huonyesha kuvunjika kwenyewe waziwazi. Upsiloni ina hali tatu, iliyokaza sana, ya kati, na ya tatu iliyolegea. Mwaka 2011 na 2012 jaribio la CMS la CERN lilionyesha kwamba katika migongano ya risasi hali hizo hupungua kwa mpangilio: iliyokaza hupungua kidogo kuliko wenzake, ya kati hupungua sana, ya tatu karibu haikuonekana kabisa. Ilihitaji miaka mingine kumi na data nyingi zaidi ndipo hiyo ya tatu ikaonekana katika migongano ya risasi.

Sasa tuje kwenye kwaki nzito inayosafiri peke yake, maana hapo ndipo gogo linapokutana na maji.

Chembe inayokwenda kasi ndani ya plasma hupoteza nishati kwa njia mbili: kwa kugongana na nyingine, na kwa kutoa gluoni kila inaposukumwa. Mwaka 1991 Yuri Dokshitzer na wenzake wawili walionyesha kwamba kwaki nzito haiwezi kutoa gluoni kuelekea mbele yake. Kuna eneo lenye umbo la pia kuizunguka njia yake ambamo utoaji huo umezimwa, na kadiri kwaki ilivyo nzito, ndivyo eneo hilo linavyopanuka. Walikokotoa tu; ilichukua zaidi ya miaka 30 hadi jaribio la ALICE la CERN lilipoliona eneo hilo moja kwa moja na kulichapisha mwaka 2022. Kutokana na hesabu hiyo, wengi walitarajia chamu ipite ndani ya plasma bila kupoteza mengi, na botomu bila kuhisi takribani chochote.

Haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 2005 na 2007 majaribio ya PHENIX na STAR huko Brookhaven yalipima elektroni zinazotoka kwenye kwaki nzito zinapovunjika, yakakuta zimepungua karibu sawa na zile chembe nyepesi. CERN ikapima mesoni D zenyewe, na katika migongano ya ana kwa ana zile zenye mwendo mkubwa kiasi ziligeuka kuwa takribani moja ya tano ya zilizotarajiwa. Upungufu huo pekee ungeweza kubishaniwa. Kilichonishawishi mimi ni kipimo kingine.

Viini viwili vinapogongana kwa pembeni badala ya ana kwa ana, tone linalotokea huwa na umbo la yai. Shinikizo ni kali zaidi upande wa wembamba, kwa hiyo plasma hutiririka zaidi upande huo, na chembe nyepesi hufuata. Hilo lilijulikana tangu siku za kwanza za Brookhaven, na ndilo lililowafanya watangaze mwaka 2005 kwamba walichokitengeneza ni kimiminika chenye mnato mdogo mno, si gesi. Swali lilikuwa kama chamu, iliyozaliwa kabla ya mto na isiyojua lolote kuhusu umbo la yai, itafuata mtiririko. Mwaka 2013 ALICE ilichapisha jibu la mesoni D: zinafuata, kwa kiwango kinachokaribiana na cha chembe nyepesi.

Fikiria maana yake. Gogo halichukuliwi na wimbi moja. Linahitaji kusukumwa na kusukumwa tena hadi lishike mwendo wa maji, na mto huu ulikuwa na vipande 30 tu vya muda wa kulisukuma. Ili chamu iwahi kujifunza njia ya mtiririko katika nafasi hiyo, lazima kila hatua yake iwe fupi sana na kila jirani amguse jirani bila kukoma. Tukilinganisha vipimo na nadharia, muda ambao chamu huhitaji kuzoea mwendo wa plasma hutoka ukiwa wa kiwango kilekile cha uhai wa tone: uhai huo hautoshi kuipotezea kumbukumbu yote ya kuzaliwa kwake, ila unatosha kuibeba. Kama ingezoea upesi zaidi, ingekuwa jani. Kama ingechelewa zaidi, isingesogea. Chamu imeangukia katikati, mahali ambapo kipimo kina maana.

Botomu, ikiwa zaidi ya mara tatu ya chamu kwa tungamo, huchelewa zaidi, na vipimo vimeonyesha kwamba hupungua kidogo kuliko chamu katika mwendo wa wastani. Tofauti hiyo ya mbili hizi ndiyo iliyopendekezwa mwaka 2008 na William Horowitz na Miklos Gyulassy kuwa mzani wa nadharia mbili zinazoshindana: moja inayoiona plasma kama chembe zinazogongana moja moja, nyingine inayoikokotoa kwa hisabati zilizotoka kwenye nadharia ya nyuzi, ambako chembe hazionekani kabisa na kwaki hukokotwa kama katika asali.

Kumwona msafiri wetu, chamu, kunahitaji uangalifu usio wa kawaida. Mesoni D hutembea kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kabla ya kuvunjika, na mara nyingi huvunjika kwa namna ambazo haziachi alama safi. Njia rahisi kuifuatilia, ya kuvunjika kuwa chembe mbili nyepesi, kaoni moja na paioni moja, hutokea mara nne hivi katika kila mia. Kigunduzi lazima kiseme kwamba nyayo mbili hizi, kati ya maelfu, hazikuanzia pale viini vilipogongana bali upenyo wa unywele kando yake. Kwa kazi hiyo ALICE, chombo cha tani 10,000 kilichowekwa mita 56 chini ya ardhi, kiliwekewa mwaka 2021 tabaka saba mpya za silikoni zenye vitone vya kupimia bilioni 12.5.

Afrika imo ndani ya kazi hii kwa majina. Zinhle Buthelezi wa maabara ya iThemba, Afrika Kusini, ameongoza kundi la nchi yake katika ALICE, ambalo limejikita kwenye kipimio cha muoni, chembe zinazotoka kwaki nzito zinapovunjika na kupenya hata ukuta mnene uliowekwa kuzuia nyingine. Jean Cleymans wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2021, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba chembe nyingi zinazotoka katika migongano hii zinahesabika kana kwamba zimetoka kwenye chungu kimoja chenye joto moja. Karibu zaidi nasi, Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi, ambayo mwanafizikia Kétévi Assamagan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilifanyika Kigali mwaka 2016, na mwaka 2018 taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi ikafunguliwa mji huohuo, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na kwa ushirikiano na kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Tanzania si mwanachama wa CERN. Lakini sehemu ya data za migongano ya risasi imewekwa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na mwanafunzi aliyemaliza shahada ya kwanza ya fizikia Dar es Salaam au Dodoma anazo hesabu za kuanzia. Ningefurahi sana kumwona mmoja wao akitafuta upsiloni ndani yake.

Yapo pia ya kufanya, maana mambo hayajatulia. Katika migongano ya protoni na kiini kimoja cha risasi, ambako hakuna aliyetegemea mto, chamu imeonekana ikifuata mtiririko fulani, ilhali idadi ya mesoni D zenye mwendo mkubwa haijapungua kwa namna inayoonekana. Kinachosukuma bila kukwamisha ni kitu gani? Hata katika migongano ya protoni kwa protoni, ALICE imekuta kwamba chamu hujifunga ndani ya chembe za kwaki tatu mara nyingi kuliko ilivyozoeleka katika migongano ya elektroni na pozitroni. Huenda tone dogo la kimiminika hutokea hata pale. Huenda kuna jambo jingine kuhusu namna kwaki zinavyofungana ambalo bado hatujalielewa. Julai 2025 CERN iligonganisha kwa mara ya kwanza katika mashine yake kubwa viini vya oksijeni, vyenye protoni na nyutroni 16 tu kila kimoja, kisha viini vya neoni, ili kujua tone linaweza kuwa dogo kiasi gani na bado likaburura kwaki nzito.